Siku Niliyotaja Jina la Banza

Wale niliowasimulia nusu ya kisa hiki huniuliza kwanza kama ilikuwa usiku. Hapana. Ilikuwa saa nane mchana, hapa hapa Kamina, ndani ya biro yangu, ofisi ndogo karibu na kituo cha treni, na kalamu ilikuwa mkononi. Sikuwa na homa. Sikuwa nimekunywa kitu isipokuwa chai. Ukitaka kusema niliota, sema, lakini nami nitakuuliza: basi mdogo wangu yuko wapi?

Kazi yangu ni kupima samaki. Kamina haina ziwa, lakini samaki wa maziwa ya mto Lualaba, wale wanaovuliwa upande wa Kabondo-Dianda, wanapita hapa kwa treni, wengine kwa moto, yaani pikipiki, wakavu, ndani ya vikapu vilivyofunikwa majani. Kikapu kikishuka nakifungua, natoa samaki kadhaa, nawalaza mmoja mmoja kwenye ubao wenye alama za sentimita. Naandika kitabuni ni samaki gani, ana urefu gani, alivuliwa wapi. Kila mwezi nakala ya kitabu inakwenda kwa wataalamu. Wakiona samaki wa sehemu fulani wanazidi kuwa wafupi, wanajua pale ziwa linaumwa na wanaomba walinzi wapelekwe. Wakiona bado ni warefu, wanapaacha.

Wakati wa mvua uvuvi unafungwa ndani ya mafunjo, maana huko ndiko samaki wanakozalia. Kuna perege ambaye jike akishataga huyachukua mayai yake mdomoni. Yanaanguliwa humo humo. Vitoto vikitoka kuogelea na hatari ikaja, mama hufungua mdomo na vyote hurudi ndani. Siku zote hizo yeye hali kitu. Nilipofundishwa hayo shuleni niliyapenda sana, nikaenda nyumbani kumwambia mdogo wangu Banza, akacheka mpaka akakohoa.

Banza ni mtoto wa mwisho kwetu. Baba yetu alikuwa fundi wa reli, na mama alikufa Banza akiwa bado hajatembea. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama nyuma ya nyumba jioni kumwita aje kula, na alikuwa na masikio ya kusikia sauti yangu tu. Baba angeita mpaka achoke. Alipokua, hakupata kazi ya reli. Akaenda Kabondo-Dianda, akajifunza kuvua, akaoa msichana wa huko anayeitwa Numbi, wakazaa watoto watatu.

Sasa sikiliza nilichokifanya, maana bila hicho mengine yote hutayaelewa.

Siku moja wakati wa mvua kilishuka kikapu cha Banza. Nikakifungua. Ndani hamkuwa na samaki wa kupima. Mlikuwa na vitoto vya samaki, vidogo kama ukucha, maelfu, vimekauka vikashikana kama mkate. Nilijua mara moja. Alikuwa ameshona vyandarua vya mbu, kimoja kwa kingine, na kuvikokota ndani ya mafunjo. Chandarua hakiachi kitu. Kinabeba mpaka mayai.

Nikatazama huku na huku, nikakifunika kikapu. Halafu nikachukua kalamu, nikaandika urefu wa samaki wazima ambao sikuwaona.

Jioni nilimpigia simu kumgombeza. Akaniambia watoto wake wanataka kula na ada ya shule haingoji samaki wakue. Nikanyamaza. Na niliponyamaza mara ya kwanza, ya pili ikawa nyepesi. Misimu miwili ya mvua niliandika samaki wa uongo. Wataalamu wakasoma kitabu changu, wakasema mafunjo ya upande ule ni mazima kabisa, walinzi wapelekwe kwingine. Nilipoisoma barua yao nilifurahi. Nakuambia kweli, nilifurahi.

Siku yenyewe mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Treni ilikwisha kuondoka. Mlango wa biro ulikuwa wazi, na kwenye kizingiti alikaa Papa Mutombo, mchukuzi wa mizigo, amenipa mgongo, anafunga gurudumu la mkokoteni wake. Mimi nilikuwa nikinakili hesabu za mwezi. Nikainua kichwa, mbele ya meza amesimama mama mmoja.

Alikuwa mrefu. Kikwembe alichojifunga kilikuwa cha kijani kilichopauka, na kichwani alibeba beseni la plastiki. Nilidhani amepita kando ya Papa Mutombo wakati nimeinama. Mashavu yake yalikuwa yamevimba pande zote mbili na midomo ameibana, kama mtu anayeumwa meno. Nikamhurumia. Nikamwambia, "Jambo mama, karibu," na hakuitikia. Hapa kwetu hata mtu mliyegombana naye anaitikia salamu.

Akateremsha beseni, akaliweka mezani, juu ya kitabu changu kilichokuwa wazi. Ndani mlikuwa na maji matupu, yamejaa mpaka ukingoni, wala hayakumwagika tone. Nikajaribu kumwelewesha kwamba hapa tunapima samaki. Akawa ananitazama tu. Ndipo nilipoanza kuona mambo ambayo jicho linayaona kabla akili haijakubali. Nje mvua kubwa, lakini kichwa chake na mabega yake yalikuwa makavu. Kuanzia magotini kwenda chini alikuwa ameloa, na maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye pindo la kikwembe bila kukoma. Na harufu. Umewahi kung'oa funjo kutoka kwenye matope? Harufu ile ilijaa biro nzima.

Halafu nikagundua kwamba hajapepesa macho. Nilingoja apepese. Mimi nilipepesa, nikapepesa tena, macho yakaanza kuniuma kwa ajili yake. Yake yalibaki wazi, mviringo, yana unyevu. Mimi nimeshika samaki miaka mingi. Samaki hana kope.

Najua unachofikiri. Unafikiri mamba muntu, yule nguva anayechorwa kwenye kuta za baa, mweupe, mwenye nywele ndefu na saa ya mkononi, anayempa mtu utajiri. Huyu alikuwa mama kama mama zetu wa sokoni, mwenye nyufa visiginoni. Hakuniahidi kitu.

Akainama juu ya beseni, akafungua mdomo.

Mwanzoni nilidhani ni meno yanaanguka. Vilikuwa vitu vidogo vyeusi, vikidondoka majini kimoja kimoja. Kisha vikaanza kuogelea. Kila kimoja kilikuwa na macho mawili. Na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukawa unahesabu, kidole kikigonga meza: kumi na moja. Viliposhuka vyote mashavu yake yakanywea, ngozi ikaning'inia, nikaona jinsi alivyokonda. Nikaona kwamba hajala siku nyingi.

Akasema, "Hawa njo benye kubakia," yaani hawa ndio waliobaki.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kama angenguruma ningekimbia. Nilimtazama Papa Mutombo pale mlangoni, mgongo wake na shati lake la bluu, hatua nne tu kutoka kwangu. Nikataka kumwita. Ulimi ulikuwa mkavu kama samaki wa kikapuni.

Yule mama akauliza, "Bengine iko wapi?"

 Akasogeza beseni pembeni kidogo, akanishika mkono. Usiniulize baridi ile ilikuwaje. Sijaigusa tena popote, wala kwenye maiti ya baba yangu. Akakipeleka kidole changu juu ya kitabu, kwenye mstari mmoja nilioandika mwenyewe, mmoja wa ile mistari ya uongo.

"Huyu samaki mukubwa uliandika hapa," akasema, "minyi sikumuzalaka." Yaani yeye hakumzaa.

Akakisogeza kidole kwenye mstari wa pili. "Na huyu sikumuzalaka." Na wa tatu. Alikuwa anaijua yote. Hakukosea hata mmoja, hakugusa hata mstari mmoja wa kweli. Nilianza kulia bila sauti.

"Nani alibeba batoto yangu?"

Ningeweza kusema ni mimi. Ungekuwa ukweli. Bila kalamu yangu walinzi wangefika, vyandarua vingechomwa, na vitoto vingekuwa ndani ya maji. Nimelifikiria neno hilo kila siku tangu siku ile, jinsi lilivyo fupi. Lakini mtu mwenye hofu hachagui maneno. Anatupa kile kilicho karibu.

Nikasema, "Banza."

"Banza wa nani?"

"Mdogo wangu. Iko Kabondo-Dianda."

Unaona? Aliniuliza wa nani tu, nami nikampa mpaka mahali anapokaa.

Akaniachia mkono. Akainamisha kichwa upande, sikio likanielekea, kama mtu anayetaka kujifunza wimbo. Akasema, "Umuite. Umuite vile unamuitaka."

Sikuelewa anataka nini. Nilitaka tu aondoke. Nikafungua mdomo, na sauti iliyokuwa imenikatalia kumwita Papa Mutombo ikatoka nzima, tamu, ile ile ya nyuma ya nyumba miaka ile:

"Banza ee! Banza, kuya tukule!"

Akasikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, bila sauti, ikinifuata. Kisha akasema, "Njo bile," ndivyo hivyo.

Akainama, akafungua mdomo ndani ya maji, na vile vitoto vikaingia kwa mstari, vimetulia, kama watoto wanaoingia nyumbani. Akafumba. Mashavu yakajaa. Akajitwika beseni, akageuka.

Nilichosikia baada ya hapo ni Papa Mutombo akiniuliza namwita nani. Alikuwa amesimama mbele ya meza, pale pale alipokuwa amesimama yule mama, na viatu vyake vilikuwa ndani ya maji. Nikamuuliza kama amemwona mama aliyetoka. Akasema hakuna mtu aliyetoka, wala aliyeingia. Alikuwa mlangoni tangu treni ilipoondoka, na mkokoteni ulikuwa umeziba njia. Kisha akatazama chini, akaona maji yale, yenye matope na vipande vya majani ambayo hayaoti Kamina. Kwenye ukurasa wa kitabu changu kulikuwa na kitoto kimoja cha samaki, kimekufa. Papa Mutombo ni Mkatoliki wa tangu utotoni. Alifanya ishara ya msalaba, akaniambia kwa upole nifunge biro twende.

Nilimpigia Banza simu njia nzima. Mtandao ulikuwa mbaya kwa sababu ya mvua. Nilimpata jioni. Kwanza alicheka, akaniuliza kama nimeanza kunywa. Nilipomwambia juu ya mdomo na vitoto, aliacha kucheka kabisa.  Nikamsihi avitoe vyandarua majini, asikanyage ufukweni mpaka nifike. Akaapa kwa jina la mama yetu.

Nilimwambia yote, isipokuwa kwamba nimetaja jina lake na nimemwita mbele ya yule mama. Hayo niliyameza. Kwa nini? Niliona haya. Ni mimi niliyembeba mgongoni. Nilijiambia nitamweleza tukionana uso kwa uso.

Nikatafuta njia ya kwenda. Treni haikuwa na tarehe. Wenye moto wawili wakaniambia barabara imekatika, maji yamepita juu ya daraja, hakuna atakayekubali kabla mvua haijapungua. Basi nikawa napiga simu, asubuhi na jioni, siku mbili. Banza alikuwa akiitika, akisema yuko nyumbani, anatengeneza kiti, anacheza na watoto. Siku ya tatu simu haikuita. Siku ya nne akanipigia Numbi.

Numbi ni mwanamke asiyelia haraka. Alinisimulia taratibu, kana kwamba anahofia kusahau.

Alisema asubuhi ya siku ya tatu ukungu ulikuwa mzito juu ya ziwa. Banza alikuwa amekaa jikoni, anakula bukari iliyolala, ugali wa jana. Wakasikia mtu anaita kutoka ufukweni. Banza akainua kichwa, akatabasamu, akasema, "Yaya amefika," maana ndivyo anavyoniita mimi, dada yake mkubwa. Akatoka bila viatu, mbio mbio, kunipokea mzigo.

"Hata minyi nilisikia," Numbi akasema. "Ilikuwa sauti yako, Yaya. Ulikuwa unamuita akuye mukule. Nikaweka maji ya chai yako ku moto."

Maji yakachemka. Akayatoa, akayaweka tena. Alipoona hatufiki alishuka ufukweni. Mtumbwi wa Banza ulikuwa umefungwa mahali pake. Vyandarua vilikuwa chini ya paa la nyumba, vikavu. Kwenye matope kulikuwa na alama za miguu ya Banza, zikienda moja kwa moja mpaka majini na kuendelea ndani ya maji pale yalipokuwa bado ya kina kifupi. Hapakuwa na alama nyingine kando yake.

Kisha Numbi akaniuliza, "Yaya, ulipita wapi?"

Unajua kuna maswali ambayo ukiyajibu kweli unaua, na ukiyajibu uongo unaua pia? Nilimwambia sijaondoka Kamina. Nikamsikia akivuta pumzi.  Mpaka leo hajaniuliza tena.

Wavuvi walimtafuta wiki nzima. Mvua ilipopungua nilifika, tukafanya kilio bila mwili, tumeliweka koti lake la Jumapili juu ya mkeka. Wazee wa kwao Numbi walitaka kujua nani amemwita. Kila mtu alisema ni pepo wa ziwa. Mimi niliketi katikati ya wanawake, nimejifunika kikwembe mpaka puani, nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea.

Nilikwenda kwa mkuu wangu, nikaungama kuhusu kitabu. Nilikata kwa wino mwekundu kila mstari wa uongo, na sikuhitaji kukumbuka ni ipi, kidole kilikuwa kinaijua. Waliniondoa kazini kwa muda, kisha wakanirudisha kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa katika biro ile. Sasa nafungua kila kikapu, hata cha padri. Wananiita mkali. Mafunjo yale yamefungwa kweli kweli, na walinzi hawana kazi huko, maana hakuna mvuvi anayeingia. Wanasema asubuhi yenye ukungu husikika sauti ya mwanamke ikiita kwa upole, kama mama anayemwita mtoto aje kula. Wanasema matamshi yake ni ya Kamina. Na samaki wameanza kurudi. Nawapima, nawaona wanavyorefuka mwezi hadi mwezi, namba za kweli kabisa, na sijaweza kufurahi hata siku moja.

Numbi na watoto wanakaa kwangu. Watoto wale siwaiti kwa majina yao. Bukari ikiiva natoka mpaka wanapochezea, hata iwe mbali, hata mvua inyeshe, namgusa kila mmoja bega. Mdogo kabisa alishaniuliza kama nimesahau anaitwaje. Nikamwambia nimezeeka. Numbi alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliacha mchi, akanitazama kwa muda, kisha akaendelea kutwanga.

Ndiyo maana nakuambia wewe sehemu hii ambayo sijamwambia mtu. Ukiwa karibu na maji na ukungu umetanda, ukasikia mtu unayempenda anakuita, usiitike mpaka umeuona uso wake. Na kama kuna mtu wako unayemfichia jambo, kwa kuwa ni damu yako, kwa kuwa watoto wake wanataka kula, mwendee leo. Usingoje treni, nenda hata kwa miguu. Mwambie mwenyewe, uso kwa uso, wakati sauti yako bado ni yako peke yako.